Kituo cha Juu ya Jiwe

Kwanza uelewe: mashine hii haina la kwake.
Inasikia kwa sikio moja, inasema kwa mdomo mwingine,
na baina ya sikio na mdomo
yamesimama matungi sita ya shaba
aliyoyachomelea Hasmukh Bhai
kwenye gereji yake ya Barabara ya Makongoro,
ili kelele za mdomo zisilizibe sikio.
Jaribu wewe kusikiliza mnong'ono
huku unapiga ukunga.
Ndiyo kazi ya yale matungi.

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa kibanda.
Jumamosi ya kwanza ya mwezi napanda Isamilo
na bisibisi, koleo, chupa ya maji ya betri
na kipande cha bati, maana pimbi
waliuonja waya wa antena wakaupenda.
Mwaka juzi walituzima siku nne nzima.
Tukasema radi. Tukawasema Tanesco,
tukasahau kwamba umeme wetu ni wa jua.
Kumbe ni mnyama wa kimo cha paka,
kaota jua juu ya jiwe, anatutazama
kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Sasa sikiliza.
Mtu yuko Nansio na redio ya mkononi,
wati tano, nguvu ya balbu ya chooni.
Peke yake hafiki mbali, vilima vinammeza.
Anabonyeza. Chini ya sauti yake
unapita mlio mwembamba usioutambua wewe,
lakini mashine inaujua: ni hodi.
Bila hodi hufunguliwi, hata ulie.
Kwa hodi inakupokea, inakuhamishia masafa ya pili,
inakutupa Sengerema, Magu, Misungwi,
na nyuma ya miamba ambako hata jua huchelewa.
Ukiachia, mlango haufungwi papo hapo.
Unabaki wazi sekunde mbili, unavuma mtupu.
Huo twauita mkia.
Ni nafasi ya mwingine kudakia.

Ukizidisha dakika tatu inakukata.
Haiangalii cheo: imemkata mwenyekiti
katikati ya salamu za mwaka mpya,
akaendelea kututakia heri peke yake
hadi mkewe alipomwambia.
Na kila dakika kumi inajitaja
kwa nukta na vistari,
kama mtu anayekohoa gizani asije akakanyagwa.
Haitunzi kitu. Ulichosema jana
usikitafute kule juu.

Jumatano, saa mbili usiku, naita majina.
Lukiko, Nansio? Yupo. Anasema mvua imeshashika
upande wake, tuanue nguo.
Masalu, Nyakato? Yupo, na mdomoni ana muhogo.
Nyamizi, Magu? Yupo, betri yake haipo,
anakuja vipande vipande
kama barua iliyochanwa.

Hasmukh Bhai, Kirumba?

Huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa kukatwa.
Angeanza na antena akaishia na bei ya sangara,
dakika tatu, kap, anarudi tena anacheka.
Tangu kiharusi cha Machi
nusu ya mdomo wake imelala.

Mlango unafunguka.
Hakuna neno.
Kuna feni. Kuna sufuria, mbali, jikoni.
Kuna mtu anayevuta pumzi, anaikusanya,
anakaribia herufi fulani, anaiacha.
Na mashine inavirudia vyote
kwa nguvu ileile iliyompa Lukiko na mvua yake:
wati hamsini za pumzi
zinapita juu ya ziwa, hakuna anayezidakia.
Kisha kidole, mara mbili:
ti. Ti.

Kanuni za klabu, kifungu cha tisa,
zinakataza kubonyeza bila kujitambulisha.
Najua, maana nilizipiga chapa mimi,
na Hasmukh Bhai ndiye aliyenisomea rasimu.

Nauacha mkia uvume mpaka mwisho.
Naandika daftarini: Yupo.
Jumamosi nisisahau lile bati.